Je, Moto Umezimika au Umefunikwa na Majivu?



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri kando ya tangi la maji la parokia. Mimi na mume wangu huwasaidia wachumba na wanandoa katika parokia yetu, kwa hiyo si ajabu mtu kutusubiri. Lakini huyu hakutaka mume wangu awepo. Alingoja mpaka watu wakapungua, kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba moyoni tangu siku hiyo.

"Mama, mimi sina shida kubwa. Baba watoto hanipigi, halewi, na karo analipa. Lakini sina tena chochote moyoni juu yake. Nikimpakulia chakula, nampakulia kama ninavyompakulia mgeni. Nikimuuliza ameamkaje, nauliza kwa mazoea tu. Najiona mnafiki. Je, Mungu anapendezwa na mke anayeigiza? Si afadhali niwe mkweli, niache?"

Alipomaliza alikuwa analia.

Nilitaka kumjibu papo hapo. Sisi tunaoitwa washauri tunayo majibu mengi ya haraka: sali Rozari, vumilia, ndoa ni msalaba. Nikajizuia, nikamwomba anipe mpaka Jumamosi. Sababu ya kwanza ni kwamba swali lake lilikuwa zito. Sababu ya pili, nami nakuungamia wewe msomaji, ni kwamba siku hiyo mimi mwenyewe sikuwa nimesemezana na mume wangu tangu Alhamisi.

GESI ILIPOISHA

Ugomvi wetu ulikuwa wa pesa. Alikuwa amemtumia ndugu yake shilingi 15,000 kwa simu, kutoka kwa pesa tulizoziweka kwa ajili ya karo, bila kuniambia. Niligundua nilipokwenda kuzitoa. Sikupiga kelele. Nilinyamaza, na wanawake wenzangu wanajua kwamba kuna kunyamaza kunakopiga kelele kuliko tarumbeta. Alhamisi ikapita, Ijumaa, Jumamosi. Mtume Paulo anatuonya kwamba jua lisituchwee tukiwa bado na hasira (Efe 4:26). Sisi lilikuwa limetuchwea mara tatu. Jumapili tulikwenda Misa pamoja, tukakaa benchi moja, na wakati wa kutakiana amani nilimpa mkono kama mtu anayepokea chenji kwenye matatu.

Jioni ile maji ya ugali yalikuwa yanaanza kuchemka gesi ilipoisha. Maduka ya karibu yalikuwa yamefungwa. Mume wangu hakusema neno. Alikwenda stoo, akalitoa jiko letu la makaa lililokuwa limekaa chini ya magunia kwa muda mrefu, akalipeleka uani. Akapanga makaa makubwa makubwa, akawasha magazeti. Moto ukapanda juu, ukazimika. Akajaribu tena, vivyo hivyo. Nilikuwa nikimtazama dirishani. Nilijua kosa lake: hakuwa ameyaondoa majivu ya zamani yaliyoziba matundu. Lakini kiburi kilinikataza kufungua kinywa.

Mwishowe njaa ya watoto ilinishinda. Nikatoka, nikayaondoa makaa, nikalipindua jiko na kulikung'uta, nikamwonyesha kwa kidole aanze na vipande vidogo. Yeye akachukua kifuniko cha sufuria akaanza kupepea kwa nguvu zake zote. Majivu yakampanda kichwani hata akafanana na babu yake. Nikacheka. Sikutaka kucheka, lakini nilicheka. Naye akaniuliza, "Mama watoto, sasa kinachochekesha ni nini?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza tuliyosemezana katika siku nne.

Hatukupatana saa ile ile, nitakueleza baadaye. Lakini nikiwa nimechuchumaa kando ya lile jiko, swali la yule mama lilinirudia, nikaona kwamba jibu lilikuwa mbele yangu, linafuka moshi.

Usishangae, ndugu msomaji, kwamba naenda kutafuta somo la ndoa jikoni. Bwana wetu Yesu Kristo alizungumza juu ya Ufalme wa Mungu kwa kutumia chachu, chumvi, taa na shilingi ya mama mmoja iliyopotea nyumbani. Na lugha yetu ya Kiswahili imekwisha kulifunganisha jiko na ndoa: kijana akioa tunasema amepata jiko. Wengi husema hivyo kwa mzaha, wakimaanisha amepata wa kumpikia. Mimi naona msemo huo una hekima kuliko wanaousema. Aliyepata jiko hajapata moto. Amepata mahali pa kuwashia moto, na wajibu wa kuutunza.

NYANYA NA MAFIGA YAKE

Nyanya yangu aliishi milimani kule Taita, ambako asubuhi za mwezi wa Julai baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Alipikia kwenye mafiga matatu. Usiku hakuuzima moto wake. Aliyakusanya makaa mekundu katikati, akayafunika kwa majivu, akaenda kulala. Alfajiri ungeingia jikoni ungeona rundo la kijivu lisilo na dalili yoyote ya uhai. Yeye angechukua kijiti akafukua polepole, na kumbe, chini kabisa kuna jicho jekundu linalokutazama. Majani makavu kidogo, pumzi tatu au nne, na moto umewaka. Kiberiti kilikaa juu darini kwa siku ya dharura.

Siku moja nilimuuliza, "Nyanya, mbona unautupia moto majivu? Hautakufa?"

Akaniambia, "Mjukuu wangu, moto ukiachwa wazi usiku kucha, unajila mwenyewe. Majivu ndiyo blanketi lake."

Nimeolewa miaka 27 sasa, na naanza tu kuyaelewa maneno hayo. Katika ndoa, majivu ni nini? Ni usiku tuliokesha na watoto wenye homa. Ni karo, ni madeni, ni kuwazika wazazi wetu, ni kuamka saa kumi za alfajiri kuwahi gari miaka nenda miaka rudi. Hayo yote si dhambi. Majivu hayatoki nje. Hutoka katika moto wenyewe, na palipo na majivu mengi pamewaka sana. Basi unapomtazama mwenzi wako ukaona kijivu kitupu, usiharakishe kutangaza kwamba moto umezimika. Weka kiganja chako karibu kwanza.

Nilimkumbuka yule mama akilia kando ya tangi. Mtu ambaye moto wake umezimika kabisa hapigi magoti kulilia jiko lake. Hulipita tu akaenda zake. Machozi yake yalikuwa kaa la moto, ila yeye alidhani ni dalili ya kifo.

JE, NI UNAFIKI?

Tuingie sasa kwenye swali lenyewe, kwa maana ni swali la haki. Je, anayemtendea mwenzi wake mema huku moyo ukiwa umepoa ni mnafiki?

Hebu tujiulize mnafiki ni nani. Katika Injili, Bwana wetu anawaita wanafiki wale wanaotoa sadaka ili watu wawaone (Mt 6:2). Hawalaumu kwa sababu walitoa pasipo kuhisi kitu. Anawalaumu kwa sababu walichokitafuta kilikuwa kingine, yaani sifa. Mnafiki huonyesha jambo moja na kulitafuta jingine. Sasa mtazame mama anayeamka saa nane za usiku kumnyonyesha mtoto anayelia. Je, ameamka kwa sababu moyo umemjaa furaha? La hasha! Ameamka akiwa amechoka, pengine hata amekasirika. Hakuna anayemwita mnafiki. Tunamwita mama.

Kwa nini basi tendo la namna hiyo, likifanywa kwa mume au kwa mke, tunaliita kuigiza? Nadhani ni kwa sababu tumefundishwa na filamu na nyimbo kwamba upendo wa mume na mke ni hisia, na kwamba hisia ikiondoka, upendo nao umeondoka. Kanisa halitufundishi hivyo. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, katika kanuni ya 1057, kinasema kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya hao wawili, na kwamba ridhaa hiyo ni tendo la utashi, yaani la mtu kuamua. Siku ile mbele ya altare padre hakukuuliza unajisikiaje. Alitaka kujua kama umekuja kwa hiari yako, na kama uko tayari kumpenda na kumheshimu huyu siku zote za maisha yako. Hakuna binadamu awezaye kuahidi jinsi moyo wake utakavyojisikia baada ya miaka ishirini. Lakini tunaweza kuahidi jinsi tutakavyotenda. Kwa hiyo yule anayetimiza ahadi yake akiwa na moyo mkavu hasemi uongo. Analifanya kuwa kweli neno alilolitoa.

Katika kitabu cha Ufunuo, Kanisa la Efeso linakaripiwa kwa sababu limeuacha upendo wake wa kwanza (Ufu 2:4-5). Tazama dawa linayopewa. Linaambiwa likumbuke lilikoanguka, litubu, na lifanye tena matendo ya kwanza. Haliambiwi lijisikie kama mwanzo. Hisia haziitikii amri. Matendo huitikia, na mara nyingi hisia huja nyuma ya matendo kama vile moto unavyokuja nyuma ya pumzi. Mtume Paulo naye anamhimiza Timotheo aichochee kama moto karama ya Mungu aliyopewa kwa kuwekewa mikono (2 Tim 1:6). Karama ilikuwamo bado, lakini ilihitaji kuchochewa. Neema ya sakramenti ya ndoa ni vivyo hivyo.

Hata hivyo tusimdharau yule mama, kwa maana uigizaji wa kweli upo. Yupo mke anayetabasamu ili ubaridi wake usigunduliwe, wala hana nia ya kuuondoa. Yupo mume anayeleta mshahara mpaka shilingi ya mwisho na kujiona amemaliza kazi, na mwaka mzima hajamuuliza mkewe hata mara moja ni nini kinamnyima usingizi. Tofauti kati ya mwigizaji na mtunzaji ni hii: mwigizaji hulifunika jiko baridi ili watu wasilione, lakini mtunzaji hukubali kwamba limepoa, na ndiyo maana anapiga magoti na kupuliza.

JINSI JIKO LINAVYOTUNZWA

Jiko tulilo nalo katika nyumba nyingi, lile la bati nje na udongo uliochomwa ndani, lilianza kuenea nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali jijini Nairobi, kama wale wa Shauri Moyo na Kamukunji, walisaidia kulifikisha kwa watu wa kawaida. Kabla ya hapo tulitumia jiko la bati tupu. Bati hupata moto upesi na kuupoteza upesi, na joto jingi hutoka nje. Udongo huchelewa kupata moto, lakini ukiupata huushika, na makaa machache hutosha kuivisha maharagwe. Nawaambia vijana walio katika uchumba: upendo wenu wa sasa ni wa bati, nao ni mzuri, unawasha mikono. Msishtuke siku utakapogeuka kuwa wa udongo. Joto halikupungua; limehamia ndani.

Lakini udongo una miiko yake. Ukilimwagia maji baridi likiwa moto, unapasuka, na ukipasuka utaufunga kwa waya lakini ufa utabaki. Yako maneno ambayo mume na mke hawapaswi kuambiana hata katika hasira kali: kumtukania mwenzako wazazi wake, kumlinganisha na yule ambaye ungeoana naye, kumkumbusha ugumba wake au kazi aliyopoteza. Utaomba msamaha, na utasamehewa. Ufa utabaki.

Jambo la pili ni majivu yaliyoziba matundu. Majivu yanayofunika huhifadhi moto, lakini yakiachwa chini siku nyingi huzuia hewa. Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipokuwa. Huwezi kuweka makaa mapya juu ya majivu ya zamani. Ndiyo maana zawadi kubwa baada ya kosa kubwa hazisaidii. Ni kama kuwasha jiko kwa mafuta ya taa: moto hupanda mpaka darini, watoto hupiga makofi, kisha huzimika na chakula hunuka mafuta. Kung'uta kwanza, yaani kukaa chini na kusema: hapa ulinikosea, na hapa nilikukosea. Kisha anza na vikaa vidogo. Marehemu Papa Fransisko, katika Wosia wake uitwao Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizikumbusha familia maneno matatu: naomba, asante na samahani. Ni maneno madogo, lakini hakuna aliyewahi kuwasha jiko kwa kuanza na kaa kubwa.

Jambo la tatu ni mlango wa hewa. Sote tumesikia habari za kusikitisha za watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, wasiamke tena. Gesi inayoua, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Wivu hufanya kazi namna hiyo. Mume anampekua mkewe simu kila usiku, anamkataza kwenda chamani, anataka kujua kila senti na kila hatua. Mke anamkataza mumewe kumtembelea mama yake mzazi. Kila mmoja husema, "Ni kwa sababu nampenda." Huenda ni kweli. Moto upo, lakini dirisha limefungwa, na anayekosa pumzi ndani hana jeraha la kumwonyesha mtu.

MOTO WA MAKAA MARA MBILI

Injili ya Yohane ina habari mbili za moto wa makaa, nami nakuomba uzisome pamoja na mwenzi wako. Ya kwanza ni usiku wa mateso. Watumishi na walinzi walikuwa wamewasha moto wa makaa kwa sababu ya baridi, na Petro akasimama pamoja nao akiota moto (Yn 18:18). Ni katika uwanja huo alipomkana Bwana wake mara tatu. Ya pili ni baada ya ufufuko, kando ya ziwa la Tiberia. Wanafunzi walipofika pwani waliona moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate (Yn 21:9). Neno la Kigiriki alilolitumia Yohane kwa moto huo linapatikana mahali hapo pawili tu katika Agano Jipya lote. Wewe unayejua harufu ya makaa, fikiria Petro alikumbuka nini ilipomfikia puani.

Angalia utaratibu wa Yesu. Hakuanza na mashtaka. Alianza na chakula. Aliwaita wale kwanza. Lakini pia hakulipita kosa kana kwamba halikuwapo. Walipokwisha kula, alimuuliza Petro juu ya upendo, mara tatu, sawa na hesabu ya kumkana. Hayo ndiyo majivu yakikung'utwa na Mungu mwenyewe, kwa upole, tumbo likiwa limeshiba. Na kila Petro alipojibu kwamba anampenda, Yesu hakumuuliza unanipenda kwa hisia gani. Alimpa kazi: achunge, alishe kundi. Kwa Bwana wetu, jibu la swali la upendo ni kazi ya kutunza.

Usiku ule sisi tulikula ugali saa tatu na nusu. Watoto walipolala, mume wangu aliileta stuli yake karibu na jiko lililokuwa bado na joto. Akaniambia kwamba ndugu yake alikuwa na mtoto hospitalini, na kwamba hakuniuliza kwa sababu aliogopa ningekataa. Nilitaka kumjibu kwamba nisingekataa kamwe. Lakini mbele ya moto ule niliona haya kusema uongo. Ningekataa, na nikamwambia hivyo. Yeye akaomba msamaha kwa kunificha, nami kwa kumfanya mtu wa kuogopa kuniuliza. Pesa hazikurudi usiku ule. Karo tulikwenda kuomba kuilipa kidogo kidogo. Tulikubaliana kwamba hakuna atakayetoa pesa za nyumba bila mwenzake kujua, na kwamba mimi nitasikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema hapana. La pili ndilo gumu. Bado najifunza.

NYUMBA INAPOUNGUA

Lazima niseme jambo moja ili maneno yangu yasitumiwe vibaya. Nimesema juu ya moto uliopoa. Sijasema juu ya nyumba inayoungua. Mke au mume anayepigwa, anayetishiwa maisha, ambaye watoto wake wako hatarini, asiambiwe na mtu apulize makaa. Kanisa lenyewe, katika kanuni ya 1153, linakubali kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili humpa mwenzake sababu halali ya kuondoka, na kama kuchelewa ni hatari, hahitaji kusubiri kibali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inampa haki ya kuiomba mahakama amri ya kumkinga. Toka kwanza kwenye moto. Maswali ya ndoa tutayajadili ukiwa salama, pamoja na padre wako.

Na wapo wengine ambao wamepuliza peke yao miaka mingi. Kwenu siwezi kuahidi lisilo mkononi mwangu. Kaa moja likitengwa na mengine hufifia, hata liwe kubwa namna gani; ndivyo Mungu alivyoumba moto na ndivyo alivyoumba moyo. Kwetu Taita, nyumba iliyozimikiwa na moto ilimtuma mtoto kwa jirani kuomba kaa, na hakuna aliyeona haya. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa AMECEA walipozifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa nguzo ya uchungaji katika nchi zetu, naamini walitaka pia tuwe na jirani wa kumwomba moto. Nenda ukaombe. Keti na wanandoa unaowaamini, si wale watakaotangaza habari zako sokoni.

JUMAMOSI

Yule mama alikuja kama tulivyoahidiana. Nilimwambia: wewe si mnafiki, wewe ni mlinzi wa zamu ya usiku. Lakini acha kuigiza. Mwambie baba watoto ukweli, bila kumlaumu: kwamba moyo wako umepoa, na kwamba hutaki ubaki hivyo. Kisha chagua tendo moja la kwanza, lile ulilokuwa ukilifanya mlipokuwa wachanga katika ndoa, ulifanye tena kwa nia.

Akafikiri, akasema, "Zamani nilikuwa nikimsindikiza mpaka stejini asubuhi."

"Basi msindikize."

"Na asiposema kitu njiani?"

"Hata makaa hayasemi kitu mwanzoni," nikamwambia. "Yanafuka moshi tu, tena unaingia machoni."

Alicheka kidogo, akaenda. Sijamuuliza yaliyofuata, si mambo yangu. Ila siku moja nikiwa ndani ya matatu asubuhi na mapema niliwaona wawili wale kwa mbali, wanatembea kuelekea stejini. Hawakuwa wameshikana mikono. Yeye alikuwa amembebea mumewe mfuko.

Nawe, mpendwa msomaji, leo jioni utakapowasha jiko lako, liwe la makaa, la gesi au la kuni, simama kidogo. Jiulize ni nani aliyekupa jiko hilo, na ni nani mliyeahidiana kulitunza pamoja. Mafiga ya nyanya yangu yalikuwa matatu, kwa sababu chungu hakikai juu ya mawili. La tatu katika ndoa yenu ni Mungu, naye hachoki kabla yenu.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Ni majivu gani yaliyokusanyika katika ndoa yetu? Yapi yametokana na kazi na shida za maisha, na yapi yametokana na makosa ambayo hatujayazungumza?

2. Ni tendo gani la kwanza ambalo kila mmoja wetu alikuwa akilifanya kwa upendo, na ambalo limesahauliwa? Nani ataanza wiki hii?

3. Je, kuna mlango wa hewa ambao mmoja wetu amemfungia mwenzake?

4. Someni pamoja Yn 21:1-17. Je, sisi hulisha kwanza na kuuliza baadaye, au huanza na mashtaka?

Mwenyezi Mungu aibariki nyumba yako.